Somo: Kupima kuyumba kwa mgonjwa kwa fimbo, kalamu na karatasi ya grafu

Wenzangu wa fiziotherapia, wengi mmeniuliza tutapimaje kuyumba kwa mgonjwa wakati ile mashine ya kusimamia yenye kompyuta hatuna. Iko njia ya mkono ambayo mtafiti Stephen Lord na wenzake wa Australia wameitumia miaka mingi.

Hatua ya 1. Tafuta fimbo nyepesi isiyopinda, sentimita 40. Ufito wa alumini wa fundi madirisha unafaa kabisa. Ncha moja ifunge kwenye mkanda mgumu wa kiunoni, nyingine ishike kalamu iliyosimama wima. Fimbo inaelekea nyuma ya mgonjwa.

Hatua ya 2. Bandika karatasi ya grafu ya milimita kwenye meza inayopanda na kushuka, kama ile ya kulia chakula wodini. Ipandishe mpaka fimbo ilale sawa. Funga breki za magurudumu!

Hatua ya 3. Mkanda. Hapa ndipo nilipoharibu mimi. Bibi mmoja aliyekuwa anatoka kwenye kiharusi nilimfunga mkanda juu ya kanga. Mchoro ukatoka mpana ajabu, nikaandika "hali mbaya". Kumbe kanga ilikuwa inateleza na mkanda unaifuata. Bibi mwenyewe kasimama wima kama mnazi. Siku hizi naomba kanga ifunguliwe, mkanda ukae juu ya gauni au suruali, ubane.

Hatua ya 4. Miguu peku. Chora nyayo zake kwenye boksi lililokunjuliwa, andika namba ya faili, ulitunze: safari ijayo atasimama palepale. Mikono ining'inie, macho yatazame alama ukutani. Wewe kaa ubavuni, mikono karibu bila kumgusa.

Hatua ya 5. Pima mara nne, sekunde 30 kila moja: sakafuni macho wazi, sakafuni macho yamefumbwa, kisha hivyo hivyo juu ya sponji nene ya sentimita 15. Kila kipimo na karatasi yake.

Hatua ya 6. Soma mchoro: milimita ngapi mbele na nyuma, ngapi kushoto na kulia, na kalamu imepita visanduku vingapi.

Sasa maana yake. Mwili husimama kwa kutegemea macho, hisia za miguu na sikio la ndani. Mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi ya nyayo ukimfumba macho utaona mchoro unalipuka. Ndilo jambo daktari Romberg wa Berlin aliloliona karne ya 19 kwa wagonjwa walioharibika uti wa mgongo kwa kaswende. Juu ya sponji, macho yamefumbwa, linabaki sikio karibu peke yake. Anayeyumba vibaya hata macho yakiwa wazi, fikiria hitilafu kwenye ubongo wa nyuma (serebela).

Ila msiabudu udogo wa mchoro. Mgonjwa wa Parkinson aliyekakamaa anaweza kuchora kidoa kidogo, halafu akaanguka anapogeuka kwenda chooni.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Mgonjwa asiyeweza kusimama sekunde 30 bila kushikwa nimfanyeje? (Muuguzi, Tanga)

Marahaba. Huyo usimpime hivi. Anza na mizani ya Berg, yaani orodha ya majaribio ya kupima usawa wa mwili: vipengele 14, jumla alama 56, na cha kukaa bila kuegemea kimo ndani yake. Akianza kutembea, mpime kwa saa: ainuke kitini, aende mita 3, ageuke, arudi akae. Sekunde 12 au zaidi kwa mzee, tahadhari.

Sponji yoyote inafaa? Nina kipande cha godoro la zamani.

La zamani limeshalala, mgonjwa anakanyaga sakafu tu. Nunua kipande kigumu kipya na utumie hicho hicho kwa wote. Kikianza kubonyea, badilisha, na uandike tarehe kwenye faili.

Simu yangu ina programu ya kupima kuyumba. Niache fimbo?

Ukitaka, ila simu inapima kasi ya mwendo inavyobadilika, si milimita. Mgonjwa uliyemwanza kwa fimbo mmalizie kwa fimbo.

Anacheka na kuongea wakati wa kupima, je?

Karatasi hiyo chana, anza upya. Na wajukuu watoke nje kwanza.