Ukikimbia baridi ya Juni, kimbilia Mwanza

Wewe unayetetemeka Njombe au Makete mwezi wa Juni na Julai, huku sakitu ikichoma majani ya viazi, Mwanza wakati huo ni kukavu. Mvua zimekatika, jua la mchana unaliota kwa raha, na jioni shati la mikono mirefu linatosha. Mji uko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto lake si lile la Dar.

Sasa ziwa. Ukitamani kuogelea, usijitose kwenye maji yaliyotulia yenye magugu. Humo ndimo wanamokaa konokono wa kichocho. Ukishalowa jifute upesi kwa taulo, kisha baada ya wiki 6 hadi 8 nenda ukapime. Si kesho yake, mapema hivyo hakionekani. (Wenyeji watakuambia wao huoga humo kila siku. Wenyeji pia huugua kichocho.)

Boti ya kwenda kisiwa cha Saanane ipande asubuhi, alasiri upepo ukiamka mawimbi hupanda. Ukirudi, sato wa kuchoma na ugali.