Ukija kumwona daktari wa familia, njoo na mfuko wote wa dawa

Mimi ni daktari wa familia hapa Kisumu. Ubingwa wangu niliusomea Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanza kuufundisha mwaka 2005, na mafunzo mengi niliyapata Webuye. Huko, kwa siku moja tu ungemhudumia mtoto wa seli mundu, mama mjamzito na mzee wa sukari, wote wako. Ndiyo maana ukiniletea goti, nitakuuliza pia unalalaje na nani anapika nyumbani.

Kabla ya kutoka, tia dawa zako zote kwenye mfuko mmoja: za hospitali, za duka la dawa, ulizopewa na jirani, hata manyasi, yaani dawa za mitishamba, unayochemsha. Sitakugombeza. Leta na maboksi yake, maana ukiniambia "kile kidonge cheupe" hujanisaidia. Vyeupe ni vingi mno.

Mama mmoja wa Kondele alinijia miguu imevimba. Nikahofia moyo, nikahofia figo, nikamwandikia vipimo vya pesa nyingi. Dawa nilizisoma daftarini tu. Aliporudi na majibu mazuri, binti yake akamwaga mkoba mezani: maboksi mawili kutoka kliniki mbili, majina tofauti, na ndani dawa ni ile ile ya presha, amlodipini. Alikuwa akimeza miligramu 20 kwa siku, na mwisho wake ni 10. Dawa hiyo huweza kuvimbisha miguu, na ikizidi ndiyo zaidi. Tukaondoa boksi moja, uvimbe ukashuka. Nilimwomba msamaha. Siku hizi naangalia mfuko kabla ya kushika kalamu.

Dawa ya presha ya asubuhi imeze kama kawaida. Wengi huiacha ili nione "presha yenyewe", kumbe nami nataka kujua kama dawa inafanya kazi. Ukishuka kwenye boda, usikimbilie mashine. Nenda msalani kwanza, kisha keti dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono juu ya meza. Chai ya rangi na kahawa ziache nusu saa kabla. Kama umeambiwa utapimwa sukari ya kufunga, usile tangu usiku. Maji ni sawa.

Ukiingia, anza na jambo linalokunyima usingizi. Watu hunieleza kikohozi robo saa, halafu wakishika kitasa: "Daktari, na kuna hili lingine..." Hilo lingine ndilo lililowatoa nyumbani. Kama ni la siri, niambie, nitamwomba uliyekuja naye asubiri nje. La sivyo, napenda aingie, hasa anayepika. Mazungumzo ya chumvi ninayofanya na mzee peke yake hayafiki jikoni.

Kabla hujaondoka, nirudie kwa maneno yako, Kiswahili au Dholuo, utameza nini, saa ngapi, na ni dalili gani itakufanya urudi kabla ya tarehe. Ukikwama, nitaeleza upya.