Leave, flee au escape? Namna ya kuchagua kitenzi cha Kiingereza cha kuondoka na kukimbia

Ukifungua kamusi ya visawe kwenye neno "leave", itakumwagia maneno kibao: depart, exit, flee, escape, abscond, desert, bolt, vacate. Yamepangwa pamoja kama vile yanaachiana nafasi, lakini hayaachiani. Weka "abscond" mahali pa "leave", na mtu aliyekwenda zake nyumbani baada ya kazi anakuwa mshtakiwa aliyeruka dhamana.

Kabla ya kuandika kitenzi, jiulize kwa mpangilio huu. Kuna hatari inayomfukuza? Alikuwa amefungiwa au ameshikiliwa? Ameacha wajibu, au ameondoka na mali isiyo yake? Amekwenda kwa siri? Jibu la kwanza la "ndiyo" ndilo linalokupeleka kwenye neno. Zingatia kwamba kasi ya miguu haimo katika maswali hayo, na hapo ndipo Kiswahili hutuponza. "Kimbia" yetu inabeba mbio za uwanjani na kukimbia vita kwa pamoja. Kwa Kiingereza, "he ran" ni miguu tu. Aliyeikimbia nchi yake kwa ndege "fled", hata kama alikaa kitini safari nzima.

Pasipo na hatari

Majibu yote yakiwa "hapana", tumia "leave" na usione haya. Ndilo neno la kila siku, na wakati uliopita wake ni "left". Mahali panapoachwa panafuata moja kwa moja: "She left the office", si "left from the office". "From" hutumika unapotaja kituo cha kuanzia safari: "The train leaves from platform 4".

Kihusishi cha kuchungwa zaidi ni "for", kwa sababu kinageuza mwelekeo. "He left London" maana yake alitoka London. "He left for London" maana yake alikwenda London. Neno moja dogo likidondoka, msafiri wako anaelekea kinyume.

"Leave" pia ni kuacha kitu, na hapa tunakosea sana kwa sababu sisi husema "nimesahau simu nyumbani". Ukitaja mahali, Kiingereza sanifu kinataka "I left my phone at home". Usipotaja mahali, "I forgot my phone" ni sawa. Kwenye matamshi, vuta irabu ya "leave". Ukiikata fupi, msikilizaji anasikia "live", na "I want to leave" inageuka kuwa "nataka kuishi".

"Depart" ni ya ratiba na matangazo ya vyombo vya usafiri. Ukisema "I departed the party" utachekesha watu. "The departed" ni marehemu, basi kuwa mwangalifu unapowaelezea wageni walioondoka. "Exit" nayo iache kwenye milango, barabara kuu na programu za kompyuta.

Penye hatari: flee

Wakati uliopita ni "fled", na hali timilifu ni "fled" vilevile. "Fleed" na "flied" ni makosa, na "flew" ni ya "fly", yaani kuruka. Usisahau tahajia: "flea" hutamkwa sawasawa na "flee", lakini ni kiroboto.

Kwa bahati, kitenzi hiki kinafanana na chetu: "aliikimbia nchi" ni "he fled the country", bila kihusishi. Unaweza pia kuweka "from" mbele ya kile kinachotisha: "They fled from the fire". Tatizo linaanza kwenye "kukimbilia". Kiswahili kinaonyesha uelekeo ndani ya kitenzi chenyewe, na Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, kwa hiyo lazima uongeze "to". "Walikimbilia milimani" ni "They fled to the mountains". Ukiacha "to" ukaandika "They fled the mountains", umesema waliikimbia milima, kinyume kabisa cha ulichokusudia.

Nomino yake ni "flight", ambayo pia ni safari ya ndege. Sentensi kama "their flight from the city" inaweza kusomwa kwa njia zote mbili. Ukiona utata, rudi kwenye kitenzi.

"Flee" ni neno zito, la habari na historia. Mtoto aliyemkimbia mbwa "ran away from the dog". Na "run away" peke yake, ukimzungumzia kijana, mara nyingi humaanisha ametoroka nyumbani.

Alifanikiwa: escape

"Flee" inaeleza mtu alivyoanza kukimbia, "escape" inaeleza kwamba alichopoka. Unaweza kuandika "Two men fled but were caught at the gate". Kwa "escape", aliyenaswa langoni "tried to escape", kwa kuwa hakufika popote.

Tazama tofauti hii kwa karibu. "He escaped from prison": alikuwa ndani, akatoroka. "He escaped prison": mara nyingi maana yake ni kwamba mahakama haikumfunga, pengine alitozwa faini tu. Kanuni ni kwamba "from" huja pale mtu anapotoka mahali alipozuiwa, na huondoka pale anapoepuka jambo ambalo lingempata: "escape punishment", "escape death". Aliyeponea chupuchupu "narrowly escaped". Na jina likikutoka kichwani, unasema "His name escapes me".

Unapotamka, hakuna sauti ya "x" mle. Wengi huichomeka, na maandishi huharibika kwa kuifuata.

Aliyeacha wajibu

Haya ndiyo maneno yanayohukumu, kwa hiyo usiyatumie kama mapambo. "Abscond" ni la kisheria: kutoroka kwa siri ili usikamatwe, na mara nyingi ukiwa na fedha. Mhasibu "absconded with the money". Shadda iko silabi ya pili. Wazungumzaji wa kawaida wangesema "made off with the money". "Desert" ni kumtelekeza mtu au kutoroka jeshini, na shadda yake iko mwishoni. Ukiihamishia mwanzoni unapata jangwa. "Elope" ina matumizi finyu: wapenzi wanaotoroka kwa siri ili wakaoane.

"Evade" na "avoid" usizichanganye kwenye habari za kodi. "Tax evasion" ni kosa la jinai, "tax avoidance" ni kupunguza kodi ndani ya sheria. Ukikosea hapo, umemshtaki mtu kwa kosa ambalo hakulitenda.

Kuhama na kuondolewa

"Evacuate" huchukua jengo au watu: "They evacuated the building", "The residents were evacuated". Jeshi lililozidiwa "retreats", na lililoondolewa kwa amri "withdraws". Mpangaji "vacates" chumba. "Emigrate from" ni kuihama nchi, "immigrate to" ni kuhamia nchi nyingine. Ya kwanza ina "m" moja, ya pili ina mbili.

Lugha ya mtaani

"I'm off" ni kuaga kwa kirafiki. "Bolt" ni kutoka nduki, kama farasi aliyeshtuka. "Scram", "beat it" na "get lost" ni kumfukuza mtu, kwa hiyo usiyajaribu kwa mkubwa wako hata kwa utani. Waingereza husema "do a runner" kwa anayekula kisha akachomoka bila kulipa. Kuondoka bila kuaga wao huita "French leave", ilhali Wafaransa huita kuondoka Kiingereza, kila mmoja akimtupia jirani aibu.

Ukikutana na kisawe kigeni, kitafute kwenye kamusi ya wanafunzi kabla ya kukitumia. Soma kwanza alama inayoonyesha kama ni rasmi au si rasmi, kisha nakili mfano mzima wa sentensi pamoja na kihusishi chake.