SOMO: Imeli za kazini zimekuzidi? Soma hapa kabla ya kunifuata mezani

Kila nikikatiza korido kuna mtu ananidaka: "Imeli zimejaa, nisaidie." Naandika mara moja tu. Hapa Kigoma wengi tunatumia Gmail, basi naelekeza hiyo.

1. Zima arifa kwenye simu.

2. Fungua kwa saa maalumu: asubuhi, baada ya chakula, kabla ya kutoka. Mwenye haraka atapiga.

3. Ukiisoma, amua hapo hapo: jibu, mpe mhusika, ipangie siku au ihifadhi. Masjala hawaachi barua mezani kwa bosi. Inagongwa mhuri, inaingia faili.

4. Vichujio, yaani amri za kupanga imeli zinapoingia. Hapa ndipo watu wanalia. Mwenzetu alichoshwa na matangazo ya semina, akaamuru kila yenye neno "semina" iende Tupio. Mwaliko wake wa mafunzo Dodoma ukaenda nao. Tupio la Gmail hujisafisha baada ya siku 30. Anashtuka, wenzake wamesharudi na posho zao. Kwa hiyo chuja kwa anwani ya mtumaji, USICHUJE kwa neno. Peleka kwenye lebo (ni kama faili lenye jina), SI Tupio. Na wiki za mwanzo chungulia hiyo lebo kila siku, hata kama unaona uvivu.

5. "Jibu wote" iache, isipokuwa wote wanahitaji jibu lako kweli.

MASWALI

– Mkuu, kwa hiyo nifute zote?
Nimeandika wapi kufuta? Rudi namba 3.

– Sijasoma yote, ila yangu haipokei kabisa.
Ungesoma. Haya: GB 15 za bure unagawana na Drive (hifadhi ya faili ya Google) na picha zako; zikijaa, imeli haziingii. Andika larger:10M kwenye kutafuta, zitakuja nzito. Futa usizohitaji, kisha safisha Tupio.

– Bosi wangu anatumia anwani moja kwa ya maana na ya porojo. Nachujaje?
Hapo umefikiri. Weka anwani yake kisha cc:me, yaani zile ulizowekewa nakala tu. Zipe lebo "Kwa taarifa", chagua ziruke Kikasha, uzisome Ijumaa. Alizokuandikia wewe mwenyewe zinabaki mbele. Ukikwama nitumie picha ya skrini.

– Nikiwa kwenye treni ya Tabora mtandao unakata, najibuje?
Andika kwenye programu ya simu, bonyeza tuma. Itaondoka mtandao ukirudi.

– Nyongeza, mkuu: kiambatisho kikizidi MB 25 Gmail inakigeuza kiungo cha Drive. Mtu wa Uvinza afungue kwa bando lake? Punguzeni PDF jamani.
Umenisemea. Na picha za vikao pia, moja inatosha.