Binti anaolewa na Mjerumani: jinsi ya kuendesha sherehe bila wakwe kuduwaa wala shangazi kununa

Basi binti kakwambia anaolewa, umepiga vigelegele, alafu ndo anaongeza kwamba mchumba ni Mjerumani na wazazi wake wanakuja na wajomba na marafiki kumi na kitu, hapo kichwa kinaanza kugonga. Sisi yalitukuta Moshi, ni Wachaga, Walutheri, ukoo mkubwa wenye maneno mengi, na kila nikikutana na mzazi mwenzangu ananiuliza mliwezaje, sasa naandika yote kwa pamoja.

Anza na tarehe, kabla hata ya kumwambia shangazi. Wenzetu likizo wanaombea kazini mapema sana, hawana ile ya "tutaangalia mwezi ujao". Aprili usithubutu, masika inakula barabara na maturubai. Kwaresma makanisa mengi hayafungishi ndoa. Desemba inavutia maana Wachaga wote wanapanda nyumbani, ila ndo huohuo mwezi ambao mabasi yamejaa, vyumba vya hoteli vimejaa na bei imepaa. Sisi tuliangukia mwisho wa Julai, kiangazi, ila waambie wabebe sweta kwa sababu walijiandaa na kaptula na huku juu Marangu asubuhi ilikuwa inang'ata.

Makaratasi nitayapitia harakaharaka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla, na kwetu KKKT, kanisa letu la Kilutheri, matangazo ya ndoa yanasomwa Jumapili tatu, kwahiyo kijana akitua siku tatu kabla ya harusi na hakuna kilichoanza umekwisha. Yeye aje na cheti kutoka ofisi ya ndoa ya kwao kinachosema hana kizuizi cha kuoa, kinadumu miezi 6 tu so asikichukue mapema mno. Na kama watahamia kule, binti aanze Kijerumani mapema, viza ya kumfuata mume kwa kawaida inadai cheti cha A1, yani ngazi ya kwanza ya Kijerumani, na Goethe-Institut wanaofundisha wapo Dar. Wetu aliacha mpaka baada ya harusi, matokeo yake bi harusi mzima amekaa chumbani kwa mama yake miezi kadhaa anakariri der die das.

Sasa posa, hapa kaa vizuri. Mzungu hana mshenga, hana baba mdogo, hana mtu wa kubeba mbege, pombe yetu ya ndizi. Ukimwacha aje mwenyewe na maua mkononi, wazee watamsikiliza kwa heshima alafu wakitoka nje waseme tumedharauliwa. Dawa yake mtafutie watu. Sisi tulimwomba mzee jirani yetu, tunaheshimiana naye miaka mingi, asimame upande wa bwana harusi, na yule mzee akaichukua kazi kwa moyo wote jamani, alibishana na sisi kuhusu mbuzi kama vile kijana kamzaa yeye, ikafika mahali mume wangu ananinong'oneza huyu si alikuwa rafiki yetu? Lakini ndo ilivyotakiwa. Ukoo ukaona kijana ana watu.

Na mahari waelezee wakwe kabla, tena kwa mdomo, sio waje kuisoma mtandaoni wakute imeandikwa kama bei ya kununua mke. Binti aliwaelezea kitu kimojakimoja: blanketi hili ni la bibi, hii mbege inanywewa na ukoo mzima ili kila mtu awe shahidi, na hela tulitaja ya heshima tu. Mama mkwe alivyosikia blanketi ni la bibi alienda kulinunua mwenyewe huko kwao, la sufu, zito, bibi mpaka leo halitoi kwenye kiti chake.

Alafu kamati. Kawaida upande wa binti tunabeba kichen pati na sendofu, upande wa bwana wanabeba harusi, sasa hapa upande wa bwana upo Ulaya. Tuliunda kamati moja, tukaunganisha sendofu na harusi kupunguza gharama, na mkwe akaulizwa wazi anaweza kubeba kitu gani kizima, wakachukua muziki na mapambo, yakaisha. Kosa tulilofanya ni kumuunganisha baba mkwe kwenye grupu la WhatsApp la michango. Yule mzee kila asubuhi anaamka anakuta orodha ya majina, nani kaahidi laki, nani kalipa, nani bado, na mhasibu anakumbushia kwa herufi kubwa. Akadhani tuna shida ya hela, akampigia mwanae usiku anauliza kama familia ya mke imefilisika! Kwao mgeni anakuja siku ya siku na bahasha au zawadi, hakuna kudaiana. Kwahiyo wasiwe kwenye lile grupu kabisa, watengenezee lao la picha na ratiba. Na kwenye ukumbi, chakula, magari, tumeni mtu wenu kupatana, akitangulia mkwe bei inazaliwa upya.

Saa. Hii naomba usome mara mbili. Kadi yetu iliandikwa ibada saa nane mchana, mpwa wangu akawatafsiria wageni kwa Kiingereza "saa nane" akaacha hivyohivyo namba 8. Saa moja na nusu asubuhi napigiwa simu na hoteli, wageni wako wamevaa suti wote wako mapokezi wanauliza gari. Nimeoga sijamaliza. Andika kadi zao 14:00, yani kwa tarakimu, na kama ukumbini mnaanza saa kumi na mbili jioni andika 18:00 alafu uwaambie ukweli kwamba chakula hakitatoka kabla ya saa tatu, wale kitu hotelini.

Sare nazo zishonwe mapema. Chukueni vipimo kwa sentimita, wapimwe na mtu mwingine sio wajikadirie, wale mashemeji ni warefu na fundi wetu ilibidi aongeze kitambaa mikononi kwa wawili. Ila walivyotoka na kitenge kimoja na shangazi zake binti, hapo hata waliokuwa wamenuna walicheka.

Kanisani hapakuwa na tabu, na hapa ndo penye raha niliyokuwa siitegemei. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, na nyimbo nyingi kwenye kitabu chetu ni tuni za Kijerumani. Mwombeni mwalimu wa kwaya achague mbili za hivyo, wachapishieni wageni maneno ya kwao pembeni. Bibi anaimba Kiswahili, mama mkwe Kijerumani, mstari mmoja sauti moja, baba mkwe akatoa kitambaa akawa anajifuta macho anasingizia vumbi.

MC mpe maelekezo ya maandishi. Utani wa mzungu marufuku, na asitafsiri sentensi kwa sentensi, watu watalala, wakalishie wageni mtu mmoja anayewanong'oneza nini kinaendelea na kwa nini. Hasa ndafu ikiingia! Mama mkwe hali nyama, na mbuzi mzima wa kuchoma anaingia amesimama kwenye sinia na majani mdomoni huku watu wanashangilia. Sisi tulimwonyesha picha siku moja kabla, akaomba akae meza ya pembeni kidogo, na mpishi akaandaa mapema ndizi, maharage na mboga vikiwa sufuria zake, sio kutoa nyama kwenye mchuzi alafu useme haina nyama.

Na wao wapeni nafasi. Kwao kuna desturi ya kuvunja sahani usiku wa kuamkia harusi, Polterabend, ni vyombo vya udongo na kauri tu, glasi na vioo hapana, alafu maharusi wanafagia pamoja. Shangazi mkubwa alisema huo ni mkosi, vyombo vinavunjwa msibani au kwenye ugomvi. Tukamwacha aongee, tukatafuta sahani zenye nyufa, uani, watoto wamevaa viatu, na baba mkwe akamkabidhi yeye sahani ya kwanza. Aliirusha kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Akaomba nyingine.

Wiki iliyofuata kamati ikatangaza siku ya kuvunja kamati, si unajua, mahesabu yanasomwa watu wanakula. Wakwe walikuwa hawajaondoka tukawaalika, na mama mkwe akatuma ujumbe kuuliza: tukivunja kamati, nije na sahani zangu au mnazo?