Kabla Hujasema "Ndivyo Nilivyo": Mambo ya Kuzingatia Huzuni Isipoisha

Kalenda kwanza. Siku tatu za kunyong'onyea baada ya ugomvi si ugonjwa, na usijipe ugonjwa usiokuwa nao. Zikifika wiki 2 mfululizo, karibu kila siku, na vitu ulivyovipenda havina ladha tena, hapo madaktari huanza kuzungumzia sonona, yaani ugonjwa wa huzuni. Ila kuna sonona ya taratibu, isiyomlaza mtu kitandani: anaamka, anaenda kazini, anacheka panapochekesha, huku moyo uko chini siku nyingi kuliko siku za nafuu. Kwa mtu mzima hutambuliwa ikishadumu miaka 2 bila nafuu inayozidi miezi 2. Kwa watoto na vijana ni mwaka 1, na kwao huweza kujitokeza kama hasira za karibu badala ya huzuni. Hii ndiyo inayowapita watu.

Angalia usingizi, hamu ya kula, nguvu, umakini, unavyojithamini, na kama bado unaitarajia kesho. Pombe unayokunywa ili ulale, ihesabu pia. Huvuruga usingizi na kuushusha moyo zaidi. Orodhesha dawa zote unazotumia. Tezi ya shingoni ikilegea kazi, au damu ikipungua, mtu huchoka na kudorora vilevile, kwa hiyo ukiambiwa upime damu, pima. Hujapuuzwa.

Sasa hili la kushika: usiwe shahidi pekee wa hali yako. Dada yangu alizunguka zahanati kwa miaka, mara kichwa, mara mgongo, mara uchovu usioeleweka. Kila mara alitoka na dawa za maumivu. Wapo waliomuuliza kama ana mawazo; akajibu, "Hapana, niko kawaida," na hakuwa anadanganya. Ile hali ilishakuwa kawaida yake. Nyumbani alishapewa sifa: mpole, hapendi makundi, amekua. Aliyegundua ni rafiki yake wa shule, waliyepotezana siku nyingi. Alikaa naye mchana mmoja tu, akamuuliza, "Mbona siku hizi huimbi ukifua?" Dada akatafuta jibu, akalikosa. Hakukumbuka hata aliacha lini. Alilia, kisha akakasirika (hasira ile mimi niliipenda, ilikuwa na uhai), na baadaye wakaenda kwa daktari wote wawili. Safari hii rafiki ndiye aliyetangulia kueleza: alivyokuwa, alivyo sasa. Daktari akatoa karatasi ya maswali 9, kila jibu likiwa na alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 kwenda juu ni ishara ya kuchunguzwa zaidi, si hukumu. Za dada zilizidi hapo. Alipotibiwa sonona, hata mgongo ukapoa.

Kwa hiyo mtafute mtu aliyekujua zamani. Muulize, "Nimebadilika nini?" Kisha nyamaza, usijitetee.

Uende au usiende? Usisubiri ushindwe kuamka. Kama hali inakula kazi, masomo, ndoa au malezi, au kama nguvu zako zote zinaishia kwenye kuonekana mzima, nenda. Daktari wa kawaida anatosha kwa kuanzia. Ukifika, usianze na maumivu ya kichwa. Andika sentensi moja, "Moyo wangu uko chini tangu mwaka fulani," uisome hata sauti ikitetemeka. Mawazo ya kufa au kujidhuru hayangoji miadi: mwambie mtu leo hii, asikuache peke yako, mwende penye huduma ya dharura.

Ukiandikiwa dawa, jua huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na maudhi madogo huweza kutangulia nafuu. Usiziache ghafla kwa kuwa umejisikia vizuri. Kwa kawaida hushauriwa kuendelea walau miezi 6 baada ya nafuu, na kuziacha ni kwa kupunguza, daktari akijua. Tiba ya mazungumzo nayo ni tiba kamili. Mtaalamu wa kwanza msipoelewana, badili mtaalamu, usiache tiba. Usimeze vidonge vya jirani hata kama dalili zenu zinafanana. Anayekuahidi kupona kwa siku tatu, mkimbie. Na wa kuwaambia, wachague. Wapo watakaokwambia ujikaze tu, na hao wanaweza kusubiri mpaka utakapokuwa na nguvu za kubishana nao.