Kupiga besi katika bendi ya mtaani Malindi: kuanzia gitaa hadi ukumbini

Bendi nyingi ndogo za Malindi ni za marafiki wanaokutana jioni baada ya kazi, kisha mwisho wa wiki wanapiga harusini au kwenye bustani ya hoteli. Ndani ya bendi kama hiyo, mpiga solo akikosea noti moja ni wachache watakaotambua. Besi ikichelewa, wachezaji wanapoteza mguu na mwimbaji hajui aingie wapi. Kazi ya besi ni kushikanisha dramu na wimbo, na maelezo yote yanayofuata, hata yale ya kutu na waya, yanaitumikia kazi hiyo.

Gitaa lenyewe

Anza na gitaa la besi la nyuzi nne, lenye urefu wa kawaida wa inchi 34 (milimita 864) kutoka darajani (kishikilia nyuzi kilicho kwenye mwili) hadi mwanzo wa shingo upande wa kichwani. Nyuzi zake ni E, A, D na G, kutoka nene hadi nyembamba. Gitaa la nyuzi tano huongeza B chini ya E, lakini kwa mitindo kama bango, rumba na chakacha nne zinatosha, na shingo nyembamba hurahisisha kujifunza. Chagua lisilotumia betri. Umbo la Fender Precision, lililotoka mwaka 1951, bado linaigwa sana, kwa sababu lina vitu vichache vya kuharibika: kitufe cha sauti, kitufe cha toni na tundu la waya. Magitaa yenye betri ya volti 9 yana sauti pana zaidi, ila ukisahau waya ndani ya tundu usiku kucha, betri inaisha, na kesho yake sauti itakwaruza katikati ya wimbo.

Ukinunua la mtumba, usiridhike na rangi. Piga kila uzi kwenye kila freti (vile vyuma vyembamba vilivyokingama shingo), moja baada ya nyingine, ukisikiliza mahali sauti inapozimika au inapokwaruza. Tazama shingo kwa jicho moja kutoka kichwani kuelekea darajani uone kama imepinda kama parafujo. Shingo iliyojipinda upande ni ya kuacha. Zungusha vitufe ukiwa umechomeka kwenye ampu: mkwaruzo mdogo huondoka kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme, lakini sauti inayokatika kabisa ni kitufe cha kubadilisha. Mwisho, omba spana ya aleni ujaribu nati ya chuma kilicho ndani ya shingo. Ikiwa imeganda kwa kutu, liache gitaa hilo hata likiuzwa bei ya kutupa, kwa kuwa huku Pwani utaihitaji nati hiyo kila mwaka.

Chumvi na unyevu

Hapa ndipo wapiga besi wa Malindi na Lamu wanapotofautiana na wenzao wa bara. Hewa ya bahari hutua juu ya nyuzi, jasho la mkono linaongezea, na nyuzi mpya zikiachwa wazi chumbani zinaanza kutoa sauti kavu na nzito mapema sana. Baada ya kila mazoezi pitisha kitambaa kikavu cha pamba juu na chini ya kila uzi, kisha mgongoni mwa shingo. Futa pia daraja na skrubu zake, maana huko ndiko kutu huanza bila kuonekana. Lihifadhi gitaa ndani ya mfuko wake, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na simu. Nyuzi za chuma kisichoshika kutu hustahimili hewa yetu kuliko za nikeli, ingawa zinakwaruza vidole na kula freti haraka kidogo. Ukubwa wa kuanzia ni seti ya 45 hadi 105 (unene kwa sehemu za elfu za inchi). Kuchemsha nyuzi kuukuu dakika kumi huondoa uchafu na kurudisha mng'ao kwa muda mfupi, lakini uzi ulioshika kutu hauponi kwa maji, badilisha.

Unapobadilisha, fanya uzi mmoja mmoja ili shingo isiachiliwe mvuto wote kwa wakati mmoja. Pitisha uzi mpya darajani, uvute hadi kwenye kigingi chake, uongeze sentimita 10 hadi 12, kisha ukunje kabla ya kukata. Ukikata kwanza, waya ya nje inaweza kulegea juu ya ile ya ndani na uzi ukafa kabla haujapigwa. Unataka mizunguko miwili au mitatu kwenye kigingi, ikishuka kuelekea chini.

Msimu ukigeuka kutoka kaskazi kwenda kusi, na masika ikaingia, mbao za shingo husogea. Dalili ni mbili: nyuzi zinagonga freti za mwanzo, au zimeinuka kiasi kwamba mkono unachoka. Pima hivi. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na kwenye freti ya mwisho kwa wakati mmoja, halafu tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 7 au 8. Milimita 0.3 hivi inatosha. Nafasi ikiwa kubwa, kaza nati ya shingo upande wa mwendo wa saa. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, legeza. Zungusha robo tu, tuni upya, acha gitaa litulie hadi kesho, ndipo upime tena. Wanaovunja shingo ni wale wenye haraka.

Shingo ikishakuwa sawa, weka urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12: karibu milimita 2 kwa G na 2.5 kwa E. Kisha linganisha sauti ya uzi ulioguswa kidogo tu juu ya freti ya 12 na ile ya uzi uliobonyezwa papo hapo. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha nyuma kile kichuma kinachobeba uzi darajani. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Bila hatua hii besi itakuwa sawa na kinanda upande wa kichwani na itagombana nacho ukipanda juu ya shingo.

Ampu na waya

Kwa mazoezi yenye dramu halisi, usishuke chini ya wati 100. Ampu ndogo ikikazwa hadi mwisho haitoi besi, inatoa mkoromo, na spika yake huungua. Ukumbini au nje, usihangaike kununua ampu kubwa. Peleka besi kwenye vyombo vikuu kupitia kisanduku cha DI, yaani kile kidogo cha kuunganisha gitaa moja kwa moja na miksa. Waya ya gitaa inaingia upande mmoja, waya ya maikrofoni ya pini tatu inatoka upande wa pili kwenda kwenye miksa, na ampu yako inabaki ya kujisikilizia. Kisanduku kinachohitaji umeme hupata volti 48 kutoka kwenye miksa, kwa hiyo mwambie fundi mitambo azifungue akiwa ameshusha sauti ya njia yako.

Ukitumia kichwa cha ampu na spika tofauti, soma ohmu nyuma yake. Spika mbili za ohmu 8 zikiungwa sambamba ni ohmu 4. Ampu inayokubali kiwango cha chini cha ohmu 8 itapata joto na kuzima, au kufa. Waya ya kwenda kwenye spika iwe ya spika, nene, si ya gitaa.

Mdundo

Kabla ya noti, jifunze kuzima. Uzi usiopigwa unalia wenyewe na kutia matope sauti nzima. Kidole gumba cha mkono wa kupigia kipumzike juu ya E unapopiga A, na kishuke juu ya A unapopiga D. Vidole vya mkono mwingine vigusie nyuzi za juu bila kubonyeza. Piga kwa vidole viwili kwa zamu, cha shahada na cha kati, kwa nguvu sawa.

Kwenye rumba ya polepole, hesabu nne: do kwenye moja ishikiliwe hadi mwisho wa mbili, kisha so kwenye tatu na kwenye nne. Umbo hilo hilo, likichangamshwa, linakubeba mbali ndani ya bango, mtindo ambao Mzee Ngala aliupatia saksafoni na ladha ya Pwani. Chakacha ni jambo jingine. Hesabu ni sita, na ndani yake kuna miguu miwili (moja na nne) na mitatu (moja, tatu, tano) kwa pamoja. Wageni wa mdundo huu huchagua mguu mmoja na kuusahau wa pili. Zoezi zuri: metronomu ya simu ilie kwenye moja na nne tu, wewe upige do kwenye moja na so kwenye nne. Mkono ukitulia, ongeza noti fupi kwenye sita inayokuvuta kurudi kwenye moja. Baadaye hamisha noti zako ziwe kwenye moja, tatu na tano huku metronomu ikibaki palepale. Ukiweza kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kupoteza moja, uko tayari kukaa na mpiga dramu.

Nyimbo za taarab zinataka tahadhari. Hijazi, moja ya maqamu (ngazi za sauti za Kiarabu), yote inapatikana kwenye freti: kuanzia D ni D, E bemoli, F krosi (F#), G, A, B bemoli, C. Lakini bayati, maqamu nyingine, ina E iliyo katikati ya freti mbili, na udi, fidla au kinanda kilichotuniwa hivyo vitaipiga sawasawa. Wewe usiiguse. Kaa kwenye D, G na A, na wimbo utasimama imara.

Mazoezi

Dakika 15 za kwanza ziwe za besi na dramu peke yenu, kwa sauti ndogo. Kubalianeni noti zipi zinaangukia dramu kubwa ya mguu, kwa sababu vikipishana kidogo vyote viwili vinasikika vibaya. Weka ampu juu ya kiti, ielekee masikio yako. Wimbi la E ya chini lina urefu wa zaidi ya mita 8, na katika chumba cha kuta za mawe, hasa ampu ikiwa pembeni, noti fulani zitavuma na nyingine zitapotea. Iondoe pembeni, punguza besi kidogo, ongeza katikati, karibu na hezi 700 hadi 800. Ukiwa peke yako sauti hiyo itakuudhi. Ndani ya bendi ndiyo inayosikika.

Jifunze kila wimbo kwa do, fa na so badala ya herufi, na bila kutegemea uzi wazi. Mwimbaji akisema koo limekauka, tushuke, unasogeza mkono freti mbili tu.

Siku ya shoo

Mkobani: waya mbili za gitaa, nyuzi za akiba, tyuna, betri, spana za aleni, tepu, tochi, soketi ya kuunganishia, na fyuzi za ampea ile ile iliyoandikwa kwenye ampu. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi imechoma ampu nyingi. Ndani ya tuktuk, gitaa likae wima kati ya magoti, si chini ya spika. Ukienda Lamu, lifunge kwenye plastiki kabla ya boti ya Mokowe, na panga mapema mkokoteni au punda wa kubeba ampu, kwani vichochoro vya mji havipitishi gari.

Pima sauti kati ya Alasiri na Magharibi, na adhana ikianza vyombo vyote vizimwe. Ampu ya besi na miksa vichukue umeme sehemu moja, hasa kukiwa na jenereta. Vikitofautiana njia ya ardhi, mtu mwenye mikono kwenye nyuzi na mdomo kwenye maikrofoni anaweza kupigwa na stima. Pitisha testa kwenye kichwa cha maikrofoni kabla hujaimba, na kamwe usikate pini ya ardhi ili kuondoa mvumo. Tumia swichi ya ardhi iliyo kwenye kisanduku cha DI.

Harusini, jicho lako likae kwa mwimbaji. Wageni wakianza kumtunza, kiitikio kitarudiwa hadi mstari wa watunzaji uishe, na anayewaonyesha wenzake lini kugeuka ni wewe, kwa noti mbili za kupanda kuelekea do. Usiongeze mapambo wakati huo. Dumisha mdundo ule ule, kwa nguvu ile ile, hata ikichukua dakika kumi.

Ukimaliza, shusha sauti kwanza, ndipo uchomoe waya. Kunja waya kwa kufuata mzunguko wake wa asili, si kwa kuzungusha kwenye kiwiko, maana hapo ndipo nyuzi za ndani hukatika. Futa gitaa hapo hapo kabla halijaingia mfukoni na jasho lake.